Kupe, Kiroboto na Kipimo cha Dawa Kisumu Ndogo

Kisumu Ndogo ni jina linalotajwa jijini Nairobi katika Kibera na pia katika Kawangware, na kote kuwili linakumbusha mji wa Kisumu ulio kando ya Ziwa Viktoria. Kibera yenyewe ilianza kama makao ya askari wa Kinubi waliostaafu kutoka jeshi la King's African Rifles, na jina lake limetokana na neno lao kibra, yaani msitu. Leo msitu haupo, na mahali pake pamesimama vyumba vya udongo na mabati vilivyosongamana, ambavyo vingi havizidi futi kumi kwa kumi. Katika vyumba hivyo na vichochoro vyake, mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi na paka kwa ajili ya panya, na kwa kuwa wanyama hao hulala mlangoni, chini ya kitanda au juu ya gunia lile lile wanalokalia watoto mchana, wadudu wanaowanyonya damu huwa shida ya nyumba nzima. Anayeuliza kama dawa za kupe na viroboto ni salama, na kama kweli zinafanya kazi, kwa kawaida hutazama chupa. Lakini sehemu kubwa ya jibu hutegemea mnyama anayepakwa, uzito wake, kiasi cha maji kilichochanganywa na dawa, na sakafu anayolalia.

Kupe na kiroboto si jamaa moja. Kupe aliyekomaa ana miguu minane na ni wa ukoo wa buibui, ilhali kiroboto ana miguu sita, ni mdudu kamili, na husafiri kwa kuruka. Kupe anayewasumbua zaidi mbwa wa mjini ni kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye wanasayansi humwita Rhipicephalus sanguineus, na tabia yake moja humtenga na kupe wengi wa malishoni, kwamba ameizoea nyumba. Hunyonya damu katika vipindi vitatu vya maisha yake, akiwa mdogo wa miguu sita, akiwa kijana wa miguu minane na akiwa mzima, na kila anaposhiba hujiangusha kutoka kwa mbwa, akapanda ukutani na kujificha katika ufa mpaka abadilike umbo; jike aliyeshiba hutaga mayai yake huko huko, kwa maelfu, kisha akafa. Ukuta wa udongo uliopasuka, wenye joto na giza, humfaa kupe huyu kuliko nyasi za uwanjani. Wasemaji wa Kiswahili walikwisha kuona zamani kwamba kuna kupe wa porini na kupe wa chumbani, ndiyo maana lugha ina neno la pekee, papasi, kwa kupe laini wa sakafu za udongo ambaye hutoka usiku kuwanyonya watu waliolala na kuwaambukiza homa ya papasi.

Kiroboto anayeonekana zaidi ni kiroboto wa paka, Ctenocephalides felis, ambaye licha ya jina lake hukaa juu ya mbwa vilevile. Jike lake huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, nayo hayanati kwenye manyoya bali hudondoka popote mnyama apitapo au alalapo, yakatoa mabuu wanaoishi kwa kula vumbi na kinyesi cha viroboto wazima, ambacho ni damu iliyokauka. Buu hatimaye hujifungia ndani ya kifuko kidogo kilichopakaa vumbi, hatua iitwayo pupa, na humo dawa nyingi hazimfikii. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu ni kwamba viroboto wazima walio juu ya mnyama ni kama asilimia 5 tu ya jamii yote iliyomo nyumbani. Asilimia 95 iliyobaki imo mchangani, magunia­ni na chini ya kitanda, ikisubiri zamu yake.

Madhara yao hayaishii kwenye mwasho. Bakteria aitwaye Ehrlichia canis, anayeenezwa na kupe wa kahawia, alitambuliwa kwa mara ya kwanza Algeria mwaka 1935, na ugonjwa anaousababisha umepewa majina mengi katika maandishi ya tiba ya wanyama, mojawapo likiwa ni Ugonjwa wa Nairobi wa Kutokwa Damu. Mbwa aliyeugua hupata homa na kukonda, chembe za kugandisha damu hupungua mwilini mwake, na katika hali mbaya damu humtoka puani bila kujeruhiwa. Bakteria huyo anaweza kuvuka kutoka kwa kupe hadi kwa mbwa ndani ya saa chache tu baada ya kupe kujipachika, kwa hiyo dawa inayomuua kupe baada ya siku moja au mbili humpunguzia mbwa mzigo wa kunyonywa, lakini haimhakikishii kwamba ataepuka ugonjwa. Binadamu naye huweza kuumwa na kupe wa mbwa akapata homa yenye vipele iliyoitwa kwa muda mrefu taifasi ya kupe ya Kenya, ambayo husababishwa na bakteria Rickettsia conorii.

Kwa upande wa viroboto, Nairobi ilipata funzo mapema, kwani mwaka 1902 tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, ilizuka katika soko la Wahindi na wakuu wa mji wakaamuru soko zima lichomwe moto. Ugunduzi ulio karibu zaidi na wakazi wenye asili ya ziwani ulitokea Asembo, katika Kaunti ya Siaya, ambako watafiti walikuta ndani ya viroboto wa mbwa na paka bakteria ambaye hakuwa amewahi kuelezwa, na mwaka 2016 akapewa jina rasmi la Rickettsia asembonensis, yaani wa Asembo. Jamaa yake wa karibu, Rickettsia felis, amepatikana katika damu ya wagonjwa wa homa nchini Kenya. Mtoto anayecheza na mbwa na kummeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza pia kupata aina moja ya tegu. Hata funza wa miguuni ni kiroboto kwa nasaba, na mbwa ni mmoja wa wanyama wanaomfuga.

Dawa inayofika Kisumu Ndogo kwa urahisi zaidi ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Jambo hili lina historia yake. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, uliilazimisha Kenya kujenga majosho tangu enzi za ukoloni, na katika majosho hayo dawa zilifuatana kadiri kupe walivyozizoea: kwanza aseniki, kisha dawa za jamii ya klorini, kisha organofosfeti, baadaye amitrazi na pirethroidi. Maduka ya agroveti yaliyosambaa hadi mitaa ya mabanda yalirithi bidhaa hizo pamoja na vipimo vyake, na vipimo hivyo viliandikwa kwa kumfikiria mfugaji mwenye pampu ya mgongoni na ng'ombe wa kilo mia nne, si mtu mwenye beseni na mbwa wa kilo kumi.

Amitrazi ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Dawa hii, inayojulikana zaidi kwa jina la kibiashara Triatix, huuzwa kama kimiminika chenye asilimia 12.5 ya kemikali yenyewe, na kwa ng'ombe hutakiwa kuongezwa maji mara 500, yaani mililita 2 za dawa katika lita moja ya maji, ili mchanganyiko ubaki na asilimia 0.025 tu. Kijiko cha chai kina mililita 5, ambazo ni mara mbili na nusu ya kiasi hicho, na anayekadiria kwa kifuniko au kwa kumimina moja kwa moja huenda akavuka mipaka zaidi ya hapo bila kujua, kwa sababu maji hugeuka meupe kama maziwa kwa kipimo sahihi na kwa kipimo cha hatari vilevile. Ikitumiwa kwa kadiri yake, amitrazi humvuruga kupe mishipa ya fahamu hata akauachia mwili aliokuwa ameung'ang'ania, na kwa kazi hiyo imethibitika kuwa dawa nzuri. Ikizidi, au mbwa akiilamba kabla haijakauka, hupunguza mapigo ya moyo na joto la mwili, hupandisha sukari katika damu, humtapisha mnyama na kumlegeza hata akaonekana amelewa au amelala usingizi usioamshika. Daktari wa mifugo ana dawa za kuigeuza sumu hiyo, lakini zinasaidia tu endapo mnyama atafikishwa kwake mapema na ikajulikana alipakwa nini.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha dukani ni kwamba amitrazi haiui viroboto. Mwenye mbwa anayejikuna kwa sababu ya viroboto, akimwogesha kwa amitrazi na kuona wadudu wakirukaruka siku ya pili, huhitimisha kwamba dawa ilikuwa hafifu, na safari inayofuata huongeza kipimo. Hivyo kosa la kwanza, ambalo lilikuwa la kuchagua dawa isiyomhusu mdudu, huzaa kosa la pili ambalo ni la kumtilia mnyama sumu. Sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa dawa bandia mitaani, ingawa dawa bandia zipo kweli, pengine ingestahili kutupiwa ukosefu wa maelezo haya mafupi.

Sheria ya Kenya ya kudhibiti bidhaa za kuua wadudu, iliyotungwa mwaka 1982, iliunda bodi ya kuzisajili bidhaa hizo, na chupa halali hubeba namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelezo ya kipimo. Ulinzi wote huo hutoweka pale dawa inapomiminwa katika kichupa kisicho na karatasi ili iuzwe kwa bei ya mwenye kipato cha kutwa. Kichupa hicho hakimwambii mnunuzi kama kilichomo ni amitrazi au organofosfeti, na tofauti yake ni kubwa, kwa kuwa organofosfeti huzuia kimeng'enya kinachotuliza misuli na neva, kwa wadudu, kwa wanyama na kwa watu pia, na dalili zake ni mate mengi, mboni za macho kusinyaa kama tundu la sindano, mtetemeko na pumzi ngumu, ambazo tiba yake si ile ya amitrazi. Chupa ya soda iliyotiwa dawa na kuwekwa chini ya kitanda ni hatari kwa mtoto kabla ya kuwa hatari kwa mbwa.

Paka anahitaji maelezo ya peke yake, na maelezo hayo yanaanzia katika ua lililoota kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya. Pareto, ua jeupe lenye kiini cha manjano, lilianza kulimwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo kadhaa Kenya iliongoza duniani katika kuliuza, mpaka wakulima wa Tasmania nchini Australia walipoipita. Utomvu wa ua hilo una pirethrini, kemikali zinazoacha wazi milango ya umeme katika neva za mdudu hata akatetemeka na kufa, lakini jua huziharibu haraka. Kwa sababu hiyo mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, waliunda maabarani permethrini, mojawapo ya pirethroidi, ambayo huiga pareto na kustahimili mwanga. Permethrini inavumiliwa vyema na mbwa. Ini la paka, hata hivyo, limepungukiwa na kimeng'enya ambacho wanyama wengine hukitumia kuivunja, hivyo kemikali hurundikana mwilini mwake, naye hutetemeka, hupatwa na kifafa na mara nyingi hufa asipotibiwa. Dawa za mbwa za kudondosha shingoni huwa na permethrini ya asilimia 45 hadi 65, kiwango kinachozidi mbali kile cha vipulizio vya nyumbani, na tone lake dogo linatosha kumdhuru paka. Si lazima apakwe yeye. Kulala ubavuni mwa mbwa aliyetiwa dawa siku hiyo kunatosha, na katika chumba kimoja cha futi kumi ni vigumu kuwatenganisha wawili hao kwa siku mbili tatu. Palipo na paka ndani, busara ni kutoitumia kabisa.

Dawa mpya zaidi zilibuniwa ili zimlenge mdudu kuliko mnyama. Fipronili, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1990 kwa jina la Frontline, husambaa katika mafuta ya ngozi na kuua kupe na viroboto. Huwafaa mbwa na paka, lakini sungura huifia. Imidaklopridi huua viroboto lakini ikiwa peke yake haiui kupe. Tangu mwaka 2013 zimekuja tembe za kutafuna za jamii ya isoksazolini, kama NexGard na Bravecto, ambazo huingia katika damu na kumuua mdudu anapoinyonya. Moja kati yake humlinda mbwa kwa majuma 12 kwa tembe moja, na kwa kuwa dawa imo mwilini haiogeki, haimgusi mtoto anayemkumbatia mbwa wala paka anayelala naye. Mnamo Septemba 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya wanyama waliopewa isoksazolini hupata mtetemeko, kuyumba au kifafa, ingawa mamlaka hiyo iliendelea kuziona kuwa salama kwa wanyama walio wengi. Mbwa aliyewahi kuanguka kifafa, basi, hapewi bila ushauri wa daktari. Kikwazo kikubwa Kisumu Ndogo ni bei.

Hata katika nchi ambako kila kisanduku kina maelezo kamili, makosa hutokea. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilipokea kwa mwaka 2008 zaidi ya ripoti 44,000 za madhara yaliyohusishwa na dawa za kupe na viroboto, kuanzia mwasho wa ngozi hadi vifo, na uchunguzi wake ulionyesha kwamba mbwa wadogo waliathirika zaidi na kwamba paka kadhaa walikuwa wamepakwa dawa za mbwa. Uzito na aina ya mnyama, mambo mawili ambayo hayahitaji maabara kuyajua, ndiyo yaliyokuwa yamepuuzwa huko nako.

Dawa za kienyeji za mjini hazistahili jina la uasilia zinalopewa. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na oili chafu ya gari ina metali na sumu ambazo mbwa huzimeza anapojilamba. Zote mbili huua kupe wachache na kumdhoofisha mnyama. Ivermektini ya sindano, inayouzwa kwa ajili ya minyoo na upele wa ng'ombe, haitegemewi dhidi ya kupe na viroboto wa mbwa, na baadhi ya koo za mbwa wa kuchunga, hasa koli na machotara wao, zina kasoro ya kurithi katika jeni iitwayo MDR1, inayoiruhusu dawa hiyo kupenya hadi ubongoni na kuwapumbaza. Kuchana manyoya kwa chanuo lenye meno membamba na kumwogesha mbwa kwa sabuni ya kawaida, jambo ambalo halina gharama wala sumu, hupunguza viroboto kuliko oili yoyote. Kupe mmoja mmoja hung'olewa kwa kibano, akishikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa polepole, bila kuchomwa moto wala kupondwa kwa kucha.

Kuhusu ufanisi, ng'ombe wametangulia kuonyesha yatakayompata mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kupe wa ng'ombe wa kusini-magharibi mwa Uganda walikuwa wamezoea dawa za aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na huko Florida kupe wa kahawia wa mbwa wamepatikana wakistahimili permethrini na fipronili. Usugu huu hukua pale dawa inapotumiwa nyepesi mno au mara nyingi ovyo, kwani kupe dhaifu hufa na wale wenye nguvu hubaki kuzaana. Kwa hiyo kuiongeza maji dawa ili itoshe mbwa wanne wa jirani ni kosa linalolingana na kuizidisha, ila madhara yake huchelewa kuonekana. Na maji ya kuogeshea hayapaswi kusahauliwa: katika Kibera mtaro hushuka kuelekea mto Ngong na Bwawa la Nairobi, na amitrazi na pirethroidi ni sumu kali kwa samaki. Uingereza, utafiti wa mwaka 2020 uliikuta fipronili karibu katika kila sampuli ya maji iliyochukuliwa kutoka mito 20, na dawa za mbwa na paka zilitajwa kuwa chanzo kinachoshukiwa.

Msaada wa kitaalamu hauko mbali kama unavyodhaniwa. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, upande wa pili wa Kangemi kutoka Kawangware, na chama cha kutetea wanyama cha KSPCA kina makao yake upande wa Lang'ata. Kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa, ambazo Kenya imezipa nafasi katika mpango wake wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030, nazo ni fursa ya kuuliza uzito wa mbwa na dawa inayomfaa. Mnyama aliyekwisha kudhurika aoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, afunikwe asipate baridi, asinyweshwe maziwa wala mafuta kwa nguvu kwa kuwa anaweza kupaliwa, na apelekwe kwa daktari pamoja na chupa yenyewe.

Linabaki suala la sakafu, ambalo hujitokeza wazi zaidi mwezi Januari. Familia nyingi hufunga vyumba vyao Desemba na kwenda nyumbani Nyanza, kando ya ziwa, kwa sikukuu, na mbwa akaachiwa jirani. Katika chumba hicho kitupu viroboto wazima waliobaki hufa njaa, lakini pupa hawafi. Hukaa ndani ya vifuko vyao kwa majuma, hata kwa miezi, wakingoja joto, mtikisiko wa nyayo na hewa ya pumzi, ambavyo kwao ni ishara kwamba damu imerudi. Mlango unapofunguliwa hutoka kwa pamoja, na mwenye chumba, akiona miguu yake imejaa viroboto ilhali mbwa hayumo, huapa kwamba dawa ya Novemba ilikuwa maji matupu. Anayefagia sakafu na nyufa kabla ya kuondoka, akayaanika magunia juani, akayaloweka matandiko katika maji ya moto, kisha akarudia kazi hiyo siku ya kurudi na kumtibu mbwa kila mwezi kwa miezi mitatu mfululizo bila kuruka, huwakuta wachache. Na wachache hao nao huisha kadiri pupa wa mwisho wanavyotoka na kumkuta mbwa ambaye damu yake au ngozi yake ina dawa.